Joka Lenye Mabega Manne

Kaka yangu ni muuza nyama, na sisemi hivyo kwa kumdharau, maana bucha hilo ndilo linalotulisha. Ila kazi imemharibu macho. Hawezi kumwona kiumbe akampita hivihivi. Akiona twiga kwenye kalenda, atakwambia shingo ile ingemtesa kuitundika. Tukienda kuona mtoto mchanga, wenzake wanasema kafanana na nani, yeye anasema ana mapaja mazuri. Kuna mama mmoja hapa mtaani mpaka leo hatusalimii. Nimemsema kaka mara chungu nzima, haambiliki.

Basi mtu kama huyo ndiye binti yake akamletea mchumba anayechora majoka.

Binti huyu nimemlea mimi. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule, na tangu hapo nyumba ni watu watatu: kaka, mimi na yeye. Sasa ni mwalimu wa watoto wadogo. Kijana alikutana naye alipokuja shuleni kuwasomea watoto kitabu chake, na mimi nikampa jina la Bwana Rangi kwa sababu kucha zake haziishi rangi. Ni mpole, ana heshima, anacheka vizuri. Kasoro yake ni moja tu, anaishi mji mwingine kabisa, safari ya basi ya kutwa nzima, na kazi yake iko hukohuko. Wakioana, binti atamfuata.

Kaka alilijua hilo na hakulisema. Alisema tu kwamba kabla kijana hajaleta wazee wake, aje kwanza mwenyewe, amtazame. Wawili waliomtangulia nao walitazamwa. Mmoja alitoka shati limelowa jasho, mwingine hakumaliza hata chai yake. Na binti alikwisha kuniambia jikoni, huku anaosha vikombe, kwamba huyu akikataliwa hatabishana na baba yake, lakini hataleta mwingine. Namjua. Akisema hivyo, amesema.

Kwa hiyo siku hiyo nilishinda roho juu.

Kosa lilikuwa la binti. Alifikiri kwa kuwa baba yake ni mtu wa wanyama, zawadi nzuri itakuwa picha ya mnyama. Angeniuliza mimi ningemwambia mletee hata soksi. Kijana akaamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, akamkabidhi kaka picha kubwa ndani ya fremu. Joka la kijani, mbawa zimetanda, moto unalitoka mdomoni, na mgongoni msichana mdogo amelikumbatia shingo. Nzuri, sisemi uongo. Akasema ndiyo picha ya kitabu chake kipya.

Kaka akailaza mezani, akavaa miwani. Akaanza kuipitishia kidole kuanzia shingoni kushuka chini, vile anavyofanya asubuhi akipokea ng'ombe mzima. Nikajua tumekwisha.

"Hii ni miguu ya nyuma," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Hii ya mbele."

"Ndiyo."

"Na bawa ni mkono. Kuku, bata, popo, bawa lake ndiyo mkono wake. Sasa mnyama huyu ana mabega mangapi?"

Bwana Rangi akaitazama picha yake. "Manne," akasema.

"Nimekata nyama tangu ujana, sijaona bega limekalia bega. Misuli inapita wapi?"

Nikasema chai inapoa. Hakuna aliyenisikia.

Nilitegemea kijana aanze kujiumauma, aseme ni hadithi tu mzee, mambo ya watoto. Angesema hivyo angejimaliza mwenyewe, kwa sababu kaka hana hamu na mtu anayeikana kazi yake. Badala yake akatoa penseli mfukoni na kuomba karatasi. Nikampa ile ya kufungia nyama, hatuna nyingine. Akachora joka upya, miguu miwili na mbawa mbili, basi.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Ile mikono niliweka kwa kupenda tu."

Kaka akasogeza kiti chake.

"Kidari," akasema. "Njiwa alivyo mdogo vile, kifua chote ni nyama, na ndiyo inayopiga mbawa. Huyu wako ana kifua cha mgonjwa."

Kijana akalinenepesha kifua. Akasema na mifupa nayo iwe mitupu ndani kama ya ndege, uzito upungue. Kaka alifurahi mno kusikia hivyo. Akatoka, bucha ni mlango wa pili, akarudi na bawa la bata mzinga na kulivunja palepale amwonyeshe mgeni ule utupu. Juu ya kitambaa changu cha meza, kile cheupe. Nikaenda kuleta biskuti badala ya kugomba, kwa ajili ya binti.

Wakafika kwenye moto. Hapo kaka ndiye aliyemsaidia. Akasema ng'ombe anatengeneza gesi tumboni siku nzima na gesi ile inawaka, kwa hiyo tumbo la joka halina shida. "Shida ni nani anaiwasha."

Bwana Rangi akatafuna penseli. "Kuku ana firigisi," akasema, "na kwenye firigisi mna vijiwe vya kusagia. Joka nalo limeze mawe ya gumegume, yale yanayotoa cheche. Likijikamua tumbo, yanasuguana."

Kaka akacheka. Jamani, kaka yangu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Na mdomo hautaungua?" akauliza.

"Mate," kijana akasema, na kaka akasema "mate" wakati huohuo, kisha akaanza kumweleza ng'ombe mmoja anavyojaza mandoo ya mate, na mimi nimesimama na sahani ya biskuti mkononi. Binti alikuwa mlangoni. Nikamkonyeza kwamba mambo yanakwenda.

Ndipo kaka akaweka kidole juu ya msichana wa mgongoni. "Huyu ana uzito gani?"

Kijana akaweka penseli chini. Akasema hapo sasa pana tatizo. Ukilikuza joka mara mbili kila upande, uzito unakua mara nane, lakini mbawa zinapanuka mara nne tu. Joka dogo linaruka. Joka la kubeba mtoto halinyanyuki, hata ulifanyeje. Alijua hivyo tangu kabla hajalichora.

"Basi mtoe mtoto," kaka akasema.

"Siwezi, mzee."

"Mabega umeyatoa."

"Mabega nilikosea. Huyu sikukosea. Kitabu ni chake, amepotea mbali na anataka kwenda kwao. Nikimtoa, joka linaruka kwenda wapi?"

Nilitamani kumfinya. Kitu kidogo namna ile, sema ndiyo, uoe, ukifika kwako umchore mtoto mnene upendavyo. Lakini alikaza shingo, na mlangoni binti alikuwa amefumba macho.

Kaka akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akaifuta tena. Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini, na mimi niliyeishi naye maisha yangu yote sikuwahi kuisikia.

"Huko alikopotea ni mbali?"

"Ni mbali kidogo, mzee."

"Mbali kidogo." Kaka akatupa jicho mlangoni. "Basi litembee. Si lazima liruke. Lichelewe, litoke jasho, lakini limfikishe kwao akae siku mbili tatu, baba yake amwone. Halafu ndiyo limrudishe huko kwake."

Kijana akamtazama kaka, akamtazama binti, akaelewa. "Litamleta," akasema. "Kila atakapotaka."

"Hata akisahau kutaka," kaka akasema. "Limkumbushe. Na wewe waambie wazee wako waje."

Nilikwenda jikoni nikalia, tena kwa hasira. Miaka yote hii nadhani kaka anawachambua vijana wa watu kwa ukorofi wake, kumbe alikuwa anaogopa jinsi nyumba itakavyokuwa kimya. Angesema. Tungeogopa pamoja.

Niliporudi na chai nyingine, binti alikuwa ameketi katikati yao, macho mekundu, anacheka. Kaka ameshika penseli, anamwonyesha mkwe wake mahali pa kuongeza nyama kwenye mapaja ya joka, ili lisichoke njiani.