Shingo ya Kijani ya Lavonda

Siku za kazi Lavonda Pettigrew alikaanga mabawa ya kuku kwenye duka moja la mtaa wa Orange Mound, jijini Memphis, Marekani, akayachovya kwenye mchuzi wa asali na haradali mpaka nywele zake zikanuka asali. Lakini akishika maikrofoni kuchana mistari yake ya rap alikuwa na jumba la marumaru, mbwa wawili wanaolala kwenye hariri, na dereva asiyeruhusiwa kumtazama usoni. Watu walijua ni uongo. Walimpenda vivyo hivyo, maana aliusema kama mtu anayesoma hati ya nyumba yake.

Mama yake, Earlene, hakupenda hata kidogo. Alifua mashuka ya hoteli mjini, na Jumapili alivaa glavu nyeupe akapokea watu mlangoni mwa kanisa.

"Mtu hujivunia alichonacho," alimwambia. "Wewe unajivunia nini, mwanangu?"

"Mama, sisi tukinyenyekea nani atajua tumo humu duniani?"

"Mungu atajua."

"Huyo nakuachia wewe. Mimi nataka wajue na wengine."

Basi Jumamosi moja kulikuwa na shindano la rap kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Mshindi angechana mistari redioni. Lavonda akaja na koti jeupe la manyoya ya kuiga, na shingoni mkufu uliong'aa kama dhahabu, mnene kama mnyororo wa lango. Jua la Agosti lilikuwa limeupika ule ukumbi, na feni mbili zilizokuwapo zilipuliza joto tu.

Mpinzani wake alikuwa Cortez Maddox, wakimwita Tez, kijana mwenye meno ya dhahabu juu na chini. Baba yake alimiliki nyumba ya mazishi, na hapakuwa na familia mtaani ambayo haikuwahi kumlipa. Tez alikuwa amekuja na gari la kifahari, Kadilaki jekundu, akaliegesha mlangoni kabisa ili kila anayeingia alizunguke.

Zamu ya Tez ilipofika hakuanza kuchana. Akamwashiria dijei azime muziki, akatoa leso nyeupe mfukoni, akamgeukia Lavonda aliyesimama kando yake jukwaani.

"Samahani, malkia," akasema kwa adabu ya uongo. "Una jasho. Ngoja nikusaidie."

Kabla Lavonda hajarudi nyuma, ile leso ikapita shingoni mwake. Tez akaiinua juu. Ilikuwa na mstari wa kijani, mbichi kama nyasi.

"Shaba!" akapiga kelele. "Jamani, malkia wenu anaota kutu!"

Ukumbi ukalipuka. Watu waliangukiana kwa kicheko, wengine wakateleza na viatu vyao vya magurudumu wakaenda chini. Lavonda alihisi masikio yakiwaka moto. Koti lile, ambalo dakika moja iliyopita lilikuwa vazi la kifalme, sasa lilimwasha mgongoni kama gunia. Mlango ulikuwa karibu. Angeweza kutoka, na asingelaumiwa na mtu.

Akanyoosha mkono, akampokonya Tez leso. Akajifuta tena, mwenyewe, taratibu, upande huu na upande ule, kisha akaipeperusha kama bendera.

"Dijei, umelala? Washa!"

Ngoma ikaingia.

*Ndiyo, shingo ni kijani, tangazeni mitaani,*
*Hata dola ni kijani, mbona mwazificha ndani?*
*Mkufu wangu wa shaba nimeununua mimi,*
*Wako dhahabu ya baba, na gari, hata ulimi!*

Kicheko kikageuka. Watu wakapiga miguu sakafuni, magurudumu yakanguruma kama radi. Tez aliinua maikrofoni, meno yakang'aa. Alipojaribu kuanza mistari yake, wakamzomea.

Hata hivyo mwenye ukumbi, Mzee Purvis, akapanda jukwaani akautangaza ushindi wa Tez. Matangazo ya nyumba ya mazishi ya baba yake Tez yalijaa kuta zote za ukumbi ule.

"Binti, umefanya vizuri," akamwambia Lavonda. "Shuka sasa."

"Sijamaliza."

"Nitazima umeme."

"Zima. Nilikuja na mdomo wangu."

Akazima kweli. Lavonda akatoka nje kwenye maegesho, na nusu ya ukumbi ikamfuata na viatu vya magurudumu miguuni. Akalipita Kadilaki bila kuligusa, akapanda juu ya boneti ya gari la binamu yake, bovu, mlango mmoja bluu na mingine kahawia. Watu wakampigia mdundo kwa viganja.

*Sikuja kuomba kiti, mimi mwenyewe ni enzi,*
*Nikipanda gari bovu hugeuka kuwa Benzi!*

Hapo ndipo Earlene alipotokea, na sare ya kazi bado mwilini. Alikuwa ameshuka basi kituo cha jirani, akasikia sauti ambayo asingeikosea.

"Lavonda! Shuka kwenye gari la watu!"

"Nikimaliza, mama."

"Nimesema shuka!"

"Na mimi nimesema nikimaliza."

Mdundo wa viganja ukakatika, maana Earlene hakuwa mtu wa kujibiwa. Akautazama umati ule uliomzunguka mwanawe, watu wa mtaa wake, wengine aliowafungulia mlango wa kanisa, wote shingo juu wakimngoja msichana mmoja afungue kinywa. Akamwona Tez kando ya gari lake, ameachwa peke yake. Akauweka mfuko wake chini.

"Basi paza sauti," akasema. "Huku nyuma hatusikii."

Tez alikwenda redioni juma lile, lakini simu zilizopigwa zilimuulizia msichana mwenye shingo ya kijani. Mtangazaji akampigia Lavonda dukani, katikati ya foleni ya mchana. Lavonda akaenda redioni na aproni yake, mkufu ukiwa juu ya aproni. Mtangazaji alipomuuliza yeye ni nani, akasema ana majumba matatu na anajenga la nne.