Honi Ukingoni

Lava ilikata barabara ya kisiwa, ikaganda, na hadi leo hakuna aliyeifungua. Gari la kaskazini hukushusha ukingoni, unavuka kwa miguu juu ya mawe meusi yenye makali ya chupa, kisha gari la kusini linakuchukua. Simu hazishiki pale. Kwa hiyo dereva wa kaskazini hupiga honi. Mwenzake huisikia akiwa nyumbani kwake chini ya mteremko, anajibu, anapandisha gari. Ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, na wamegombana.

Mimi ni mkunga. Mdogo wangu alikuwa na uchungu tangu alfajiri kule kusini, mtoto akitanguliza makalio. Nilimweleza dereva, yule kaka mkubwa, njia nzima. Tulipofika ukingoni akazima injini, akakunja mikono.

"Piga honi, kaka."

"Leo aanze yeye. Jana nilipiga mimi, akanichunia."

"Kuna mtu anaweza kufa huko."

"Basi mwambie yeye. Mimi simpigii tena."

Nilinyoosha mkono kwenye usukani, akanishika kifundo. Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Mwisho nilibeba mkoba wangu, nikaingia kwenye mawe.

Ukikanyaga pembeni, ganda linavunjika kama la yai. Soli ya kiatu cha kushoto ilibanduka. Nilianguka, goti likachanika, nikamtukana dereva kwa sauti. Mama yake nilimwacha kwa heshima ya uzazi tu. Ng'ambo hapakuwa na gari. Niliteremka mteremko wote nikichechemea.

Dereva mdogo alikuwa uani kwake, anatafuna karanga.

"Shikamoo dada. Mbona kwa miguu? Sijasikia honi."

"Si ungepiga wewe?"

"Nianze mimi? Atajiona ameshinda."

"Washa gari."

"Lakini utaratibu wetu, dada..."

"Washa gari kabla sijaondoka nalo."

Akawasha.

Miguu ya mtoto ilikuwa imeshatoka, kichwa kimekwama. Nilimtoa akiwa wa buluu, nikamsugua, nikampulizia, akalia. Mama yake ndiye aliyenitisha: damu haikukata. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, ikapungua, haikuisha. Hospitali iko kaskazini.

Shemeji aling'oa mlango wa chumba, tukamlaza juu yake. Ukingoni dereva mdogo alinitazama mara moja tu, akapiga honi, ndefu. Kaka yake alivuka mwenyewe kuja kuona kulikoni. Akauona mlango, akaiona na damu. Walibeba, mmoja mbele mmoja nyuma. Shemeji alifuata na mtoto kifuani, nami nimeshika mkono wa mdogo wangu.

"Kuna ufa kushoto," mkubwa aliuambia upepo.

"Mwambie aliye nyuma yako," nikasema. "Ana masikio."

Hospitalini daktari aliuliza kwa nini amecheleweshwa hivi. Nilimwonyesha wale wawili mlangoni. "Waulize hao."

Walimwokoa. Kizazi hawakuweza kukiokoa.

"Dada, mgonjwa anaendeleaje?" mkubwa aliniuliza kwenye korido, kofia mkononi. Mdogo alisimama nyuma yake.

Niliwaeleza yote kwa lugha ya hospitali, kisha nikarudia kwa Kiswahili cha sokoni, neno kwa neno, ili asitokee hata mmoja wa kusema hakuelewa.