Kimya cha Nyaya Tupu

Fulana ile ilikuwa nyeusi enzi zake. Sasa ilikuwa na rangi ya sufuria iliyosuguliwa mno, na maandishi ya kifuani, NYAYA TUPU, yalikuwa yamebanduka hivi kwamba asiyeijua bendi hiyo asingeweza kuyasoma. Mke wa Fundi aliipitishia pasi ya uvuguvugu, kwa kugusagusa tu, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Akamkabidhi mumewe, akaenda kufunga dirisha. Alipogeuka, Fundi alikuwa ameshaivaa, mgongo mbele.

“Umeigeuza, Fundi.”

“Ndivyo zinavyovaliwa siku hizi. Wewe umebaki nyuma, mama.”

Wakacheka wote wawili. Bado alikuwa na majibu ya namna hiyo, na mkewe alikuwa akiishi kwa majibu hayo kama wengine wanavyoishi kwa dawa. Anayejibu mzaha kwa mzaha, alijiambia, hajaenda mbali. Alimvua, akaigeuza, akamvika tena. Ndipo Fundi akaichukua mezani kalamu yake ya kukatia vioo, ile yenye ncha ya almasi, akaitia mfukoni mwa suruali. Mkewe aliiona. Kumnyang’anya kungekuwa ni kukiri.

Maisha yake yote Fundi alikuwa mkata vioo. Kazi hiyo watu huidhani ni ya mkono, naye alikuwa akiwaambia kuwa ni ya sikio. Unapitisha kalamu mara moja, bila kurudia, nayo inaacha alama nyembamba kama unywele. Kisha unatulia. Unakisikiliza kioo. Halafu unakibonyeza pembeni, kinaachana kwa mlio mmoja, taratibu, kama kilikuwa kinasubiri ruhusa. Siku hizi alikuwa anachora alama, anatulia, kisha anabaki papo hapo. Mara nyingi mkewe alimkuta amesimama na kiganja juu ya kioo, macho yakiwa ukutani, hajui hatua inayofuata. “Vunja,” alimwambia kwa sauti ya chini, naye akavunja, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Madirisha ya wateja mkewe aliyapima upya kwa siri. Wakiuliza, aliwaambia Fundi amechoka.

Mmoja tu hakudanganyika: dada yake Fundi. Wiki iliyopita alikuja karakanani, akaitazama bendeji kwenye dole gumba la kaka yake, akamvuta mke wa kaka yake pembeni.

“Wifi, mimi na wewe tusichezeane. Huyu hafai tena kukaa na vioo. Fungeni hapa mje kwangu, chumba kipo.”

“Amechoka tu.”

“Uchovu gani huo usiopona kwa kulala? Leo amekata kidole. Unangoja akate nini?”

“Nipe mpaka Jumapili.”

“Jumapili kuna nini?”

Jumapili hakukuwa na kitu. Jumamosi ndiyo iliyokuwa na Nyaya Tupu.

Hakumweleza wifi yake, kwa sababu angechekwa. Ndani ya moyo wake alikuwa amefunga mkataba, na shahidi wa mkataba huo ulikuwa wimbo. Kila onyesho la Nyaya Tupu lilimalizika kwa “Mlango wa Nyuma”, na katikati ya wimbo huo magitaa na dramu hukatika kwa pamoja, ghafla, kama umeme umezimwa. Mwimbaji, ambaye mashabiki wamemwita Kokoto tangu ujana wake kwa jinsi sauti yake inavyokwaruza, huinamisha kichwa. Ukumbi mzima hubana pumzi. Urefu wa kimya hicho haujulikani na yeyote ila yeye. Halafu huinua kichwa na kuachia ubeti wa mwisho, na ngozi za watu husisimka. Wageni hudhani wimbo umekwisha, wakapiga makofi. Hivyo ndivyo mgeni anavyojulikana.

Mke wa Fundi mwenyewe aliwahi kuwa mgeni. Siku ya kwanza kuisikia bendi hiyo, msichana aliyefuata marafiki tu, aliinua mikono apige makofi kimya kilipoingia. Kijana asiyemjua akamdaka viganja hewani. Vidole vyake vilinuka nta ya kuzibia madirisha. “Bado,” kijana akamnong’oneza. Basi. Ndoa yao ilianzia hapo, kwenye neno hilo.

Kwa hiyo alijiambia: leo Fundi akikishika kile kimya, asipige makofi, wifi atapewa jibu la hapana. Na asipokishika? Wazo hilo aliliacha mlangoni, halikupata kuingia ndani.

Ukumbi ulikuwa uleule, ila umri ulikuwa umewapita mashabiki wote kwa zamu. Zamani walisimama wakisukumana hadi jasho la mmoja likalowesha shati la mwingine. Sasa waandaaji walikuwa wameweka viti, na foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya kuingilia. Kijiti, shabiki mwenzao wa miaka yote, jitu la watu aliyepachikwa jina hilo kwa utani, aliwashikia nafasi mstari wa tatu.

“Fundi! Nilidhani umehamia kwenye taarabu!”

“Huko kwenu ndiko kuna taarabu,” Fundi akajibu papo hapo. Kijiti akaangua kicheko. Mke akashusha pumzi. Aliujua ukweli ambao Kijiti hakuujua: Fundi hakuwa na habari huyu ni nani.

Bendi ikatoka. Wawili tu walikuwa wamesalia wa zile siku za mwanzo, Kokoto na mpiga dramu wake. Wengine walikuwa vijana waliozaliwa nyimbo zikiwa tayari zimezeeka. Kokoto alitembea kama anayepima kina cha maji. Lakini gitaa lilipokwaruza na dramu zikashuka, sakafu ilitetemeka chini ya viti, na Fundi akaanza kutikisa kichwa. Midomo yake ilifuata maneno. Beti nzima nzima, bila kukosea. Mkewe alimtazama yeye badala ya jukwaa. Matumaini, alihisi, yanauma kuliko jino.

Hatimaye ukaja “Mlango wa Nyuma”. Ukapanda, ukapanda tena, kisha ukakatika.

Kimya.

Kokoto aliinamisha kichwa. Mamia ya watu walitulia kwa fahari, kila mmoja akijua kwamba jirani yake anajua. Kijiti alifumba macho kama yuko kwenye ibada. Mke wa Fundi alitazama mikono ya mumewe. Ilikuwa juu ya magoti, imelala. Ameshika, alijiambia. Ameshika!

Kokoto akainua kichwa. Ubeti haukuja.

Ukumbi ukazidi kutulia. Wengi walitabasamu: mzee leo anatuchezea, anakirefusha. Lakini mke wa Fundi aliutazama uso uliokuwa kwenye taa. Aliujua uso ule. Alikuwa anaamka nao kila siku. Macho ya Kokoto yalikwenda kwenye maikrofoni, yakaenda kwa yule kijana wa gitaa, yakarudi kwenye maikrofoni, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kiganja chake kilikuwa wazi mbele yake, kimetua hewani. Hakuwa anakirefusha kimya. Alikuwa amepotea ndani yake, na watu waliompenda kuliko wote walikuwa wamekaa kwa adabu, wakimwangalia akizama.

Vunja, alitaka kumwambia. Hata yeye sheria ile ya kutovunja kimya ilikuwa imemkaba.

Ndipo makofi yakasikika.

Pa. Pa. Pa. Mazito, ya mtu mmoja, karibu kabisa na sikio lake. Fundi alikuwa anapiga makofi huku anatabasamu, kama mgeni anayeshukuru kuburudishwa.

“Shh!” ikatoka nyuma. “Nani huyo?”

“Fundi, hata wewe!” Kijiti akamaka.

Mikono ya mkewe iliruka yenyewe kwenda kumdaka viganja. Ilifika nusu ya njia. Akamtazama mumewe, akamtazama yule wa jukwaani, akaona ni uso mmoja. Mikono yake ikasita. Kisha ikakutana, pa, ikaungana na ya Fundi.

Mpiga dramu aliinua shingo. Alikuwa amekaa nyuma ya Kokoto maisha yao yote na labda yeye pia alikuwa ameshaujua mgongo ule. Akaudaka mwendo wa makofi kwa dramu kubwa, akaushikilia. Kijana wa gitaa akauingilia. Kijiti akafumbua macho, akaanza kupiga, na safu yake ikafuata, na ukumbi wote, hadi ubeti ukaimbwa na mashabiki huku Kokoto ameshikilia mhimili wa maikrofoni, akitingisha kichwa polepole, kama anayesikia wimbo mzuri kwa mara ya kwanza.

Baadaye taa za kawaida ziliwashwa. Kijiti alimshika Fundi mabega, machozi yanamlengalenga.

“Umemwokoa mzee wetu. Sisi tumekaa kama magogo! Ulijuaje, Fundi?”

Fundi akampa lile tabasamu la mlangoni mwa karakana, la wateja wasio na jina.

“Karibu tena,” akasema.

Kijiti alibaki na mikono yake mabegani mwa mwenzake. Alimgeukia mke. Safari hii mke hakusema kwamba Fundi amechoka. Alitikisa kichwa tu, na lile jitu likageuka upesi, likaondoka likijipangusa uso kwa kofia.

Watu wakapungua. Wafagiaji waliingia na mifagio mipana, wakaanzia mbele. Mke aliingiza mkono mfukoni mwa mumewe, akaitoa ile kalamu. Chuma chake kilikuwa na joto la mwili. Akaitia ndani ya mkoba, akavuta zipu hadi mwisho. Fundi alimwacha afanye, macho yake yako jukwaani, ambako vijana walikuwa wanakunja nyaya.

“Mama.”

“Naam, Fundi.”

“Hawa watu wanaanza saa ngapi?”

Alimshika viganja vyote viwili, akaviweka magotini pake. Havikunuka nta tena.

“Bado,” akamwambia.