Ubeti wa Kufagiliwa

Kila Jumamosi saa kumi na moja na robo jioni, Mwaija huingia kufagia studio ya redio iliyoko Pasiansi, ghorofa ya pili, juu ya duka la nyavu. Hufagia maganda ya karanga, vifuniko vya soda na ubeti wa mwisho wa wimbo wa Nkwabi. Ubeti huo huanguka chini ya meza pale Obedi, mtangazaji, anapoukata. Hudondoka vipande vipande, vyembamba na vya kijivu kama magamba ya sato, na ukivikanyaga hutaja jina la mtunzi kwa sauti ndogo. Mwaija hapendi kuvikanyaga. Huvizoa, huvitia kwenye gunia la sukari, na gunia likijaa hulifunga kwa kamba na kuliweka stoo nyuma ya jenereta. Katika miaka kumi na mmoja magunia yamefika matatu. Fundi wa jenereta aliwahi kulalamika kwamba yanambana.

Kipindi cha Obedi kinaitwa Mizizi ya Dunia. Hupiga filimbi za milimani, zeze za jangwani na fidla za visiwa vya baridi ambako hajawahi kufika. Wanamuziki wa huko anawajua kwa majina, na ya wake zao pia. Siku moja alitumia dakika sita kumsifu fundi seremala wa nchi ya mbali aliyechonga ngoma moja tu maishani mwake. Kipindi hufunguliwa kwa wimbo wa Nkwabi, na ukiisha Obedi husema kwa sauti nzito, "Wimbo wa asili kutoka Kanda ya Ziwa. Mtunzi wake hajulikani."

Obedi alizaliwa Kisesa. Amekulia kwenye mashindano ya ngoma, na anajua, kama anavyojua kila mtoto wa huko, kwamba mtunzi wa Kisukuma hujitaja mwenyewe katika ubeti wa mwisho. Hujitaja yeye, baba yake na kijiji chake, ili mshindani asije akauchukua wimbo. Ubeti wa mwisho wa wimbo huu unasema aliyeutunga ni Nkwabi, mwana wa Shimba, wa Sengerema. Ndio anaoukata. Anasema majina yanaharibu hisia za asili.

Jumamosi moja ya Juni bendi ya Sengerema ilialikwa kupiga moja kwa moja studioni. Walikuwa wanne, wakiongozwa na Dorotea, binti wa Nkwabi. Walivuka kwa kivuko cha asubuhi, na njiani Dorotea alisali rozari nzima. Baba yake alikuwa kitandani, miguu imevimba, redio iko karibu na mto wake. Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia wamrudishe nyumbani. Mzee hakuomba dawa tena. Aliomba jina lake litoke kwenye redio ile mara moja, kabla hajafa.

Waliambiwa wafike saa nane. Obedi alifika saa kumi na dakika arobaini, amevaa kofia ya manyoya na shanga za simbi alizonunua uwanja wa ndege. Katika kumsubiri, Dorotea alikaa kwenye benchi la koridoni na Mwaija.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmetoka wapi?"

"Sengerema. Mimi ni binti wa Nkwabi, mwenye huu wimbo wa kufungulia."

"Nkwabi mwana wa Shimba?" Mwaija aliuliza. "Huyo ninaye stoo. Magunia matatu."

Dorotea alishukuru. Nestory, mpiga ngoma, alisema afadhali baba wa watu amehifadhiwa pakavu.

Studioni Dorotea alimwambia Obedi, "Kaka, tunaomba leo ubeti wa mwisho usikatwe. Mzee anasikiliza, na hali yake si nzuri."

"Dada yangu, ondoa wasi," Obedi alisema, akimpiga picha Nestory miguuni ili njuga zionekane. "Hapa ni kwenu. Mimi na asili ni damudamu. Ila nawe dada ungevua hivyo viatu, ungependeza zaidi."

"Atavua akifika kwake," Nestory alijibu. "Wewe utavua lini hiyo kofia?"

Saa kumi na moja kamili wakaanza. Walipiga vizuri. Obedi alifumba macho na kutikisa kichwa mahali pasipostahili. Dorotea alipofungua kinywa kuimba ubeti wa mwisho, Obedi aliteremsha swichi ya maiki ya mwimbaji. Ubeti ulitoka midomoni ukamdondokea mapajani, mkavu.

"Kafanya tena," Nestory alisema.

Mlango ukafunguliwa. Mwaija aliingia akiburuta gunia la kwanza. Akalifungua kamba, akalimimina katikati ya studio, na Nestory akaanza kucheza juu yake kwa viatu. Ubeti wa miaka minne ukasema mara moja kwamba aliyetunga ni Nkwabi, mwana wa Shimba, wa Sengerema. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi zilitetemeka. Meneja alituma ujumbe kwa simu kwamba wageni wapunguze sauti, yuko kwenye kikao.

Obedi alikuwa amekwisha kufunga maiki zote na kuweka tangazo la magodoro. Alisubiri watulie. Gamba moja lilinasa kwenye ndevu zake, likawa linaendelea kusema Nkwabi. Alilipangusa kwa leso, kisha akafungua maiki.

"Samahani msikilizaji, tulipata hitilafu ndogo ya mitambo. Huo ulikuwa wimbo wa asili kutoka Kanda ya Ziwa. Mtunzi wake hajulikani."

Akaomba picha ya pamoja. Akamwambia Mwaija afagie.

Dorotea alirudi na kivuko cha jioni akiwa na gunia moja kati ya yale mawili yaliyobaki. Alimkuta baba yake macho.

"Nimesikia magodoro," mzee alisema.

Dorotea akamimina gunia kando ya kitanda na kuvikanyaga vipande taratibu, mguu mmoja kisha mwingine, mpaka kila gamba likasema. Nkwabi alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Hilo nalijua, mwanangu," alisema. "Nilipewa na mama yangu. Nilitaka walisikie wengine."

Alifariki Jumatano. Siku ya maziko padri alilitaja jina lake mara nne, kwa sauti, mbele ya watu. Kwa Mungu alikuwa anajulikana.

Jumamosi saa kumi na moja Obedi alifungua kipindi kwa wimbo ule ule, akaukata mahali pale pale, akasema maneno yale yale. Dakika kumi na tano baadaye Mwaija aliingia na ufagio na gunia jipya.