Fremu Nyeusi

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, gazeti la Mnara lilikuwa limekwisha kwenye meza zote za wauzaji mjini Nkwantapong. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Nana Gyamera, chifu wa mji, ndani ya fremu nyeusi. Chini yake maneno manne: Nana Amekwenda Kijijini Kwake.

Habari hiyo aliiandika Yaw Nsarko, mwakilishi wa Mnara pale mjini na mwenyekiti wa kamati iliyogawa kadi za waandishi kwa uchaguzi mdogo wa ubunge. Waashanti, wenyeji wa mji huo, hawasemi chifu amekufa. Husema amekwenda kijijini, na hakuna mtu mzima wa pale asiyejua maana yake. Nsarko alijua pia kwamba msiba wa chifu hutangazwa na kasri lake, si na gazeti. Kwa hiyo hakuandika neno kifo popote. Aliweka fremu tu, akaridhika kwamba ameheshimu mila na bado amewawahi wenzake.

Chanzo chake kilikuwa simu moja. Jumatatu alipiga simu kasrini kuuliza kama Nana angewapokea wagombea. Akapokea Maame Fosuwaa, mpwa wa Nana anayesimamia jiko, akasema Nana hayupo, amekwenda kijijini. Nsarko akashusha sauti, akampa pole. Yule mama akashukuru.

Kabla ya saa nne vyama vyote viwili vilikuwa vimeahirisha mikutano, na wagombea wote wawili walikuwa wameshavaa nguo nyeusi. Baa zikazima muziki.

Mchana blogu ya Macho Wazi ikatoa picha. Nana Gyamera, suruali imechomekwa kwenye buti za mpira, alikuwa shambani kwake akigeuza kakao kwenye mikeka, Mnara la siku hiyo likiwa kwapani. Juu yake yaliandikwa maneno matatu: Amekwenda kijijini. Tumemkuta.

Mwenye blogu hiyo alikuwa Kwasi Bediatuo, fundi simu aliyegeukia habari za siasa, mtu wa maneno mengi. Wiki iliyotangulia Nsarko alimnyima kadi mbele ya kamati nzima. Alisema Mnara lina wahariri, na blogu ina mtu mmoja na bando. Kwamba watu wa blogu huandika kwanza, wakathibitisha baadaye wakikumbuka. Bediatuo hakukasirika.

"Sawa, mkubwa," alisema. "Ila mimi nikikosea nafuta. Wewe ukikosea, kosa lako watu wanalifungia samaki mwezi mzima."

Sasa mhariri alipiga simu kutoka Accra. Hakuna kuomba radhi, alisema. Kila neno ni kweli: Nana alikwenda kijijini. Nsarko alikubali kwamba kila neno lilikuwa kweli. Lakini fremu aliichagua yeye, na kazi ya ile fremu aliijua tangu mwanzo.

Alhamisi alikwenda kasrini kutuliza mambo, na kondoo na chupa mbili za jini, fidia ya kimila aliyoagizwa na wazee wa Nana. Alipopita stendi, muuza wali mmoja alimwita.

"Bwana Nsarko, mume wangu naye amekwenda kijijini. Nilie au nimpikie?"

Benchi zima likacheka. Nsarko aliendelea kutembea na kamba ya kondoo mkononi.

Mlangoni alivua ndara, akashusha kitenge begani, kama ilivyo heshima mbele ya chifu. Nana aliketi katikati ya wazee, mzima wa afya. Aliongea kwa sauti ya chini, na msemaji wake akayapaza maneno.

"Nana anauliza, ulipiga simu?"

"Nilipiga."

"Ukaambiwa nini?"

"Kwamba Nana amekwenda kijijini."

"Ukauliza kijiji gani?"

Bediatuo alikuwa amesimama ukutani na simu yake. Nsarko alitazama miguu yake mwenyewe, mitupu kwenye saruji.

"Sikuuliza."

Maame Fosuwaa, aliyekuwa nyuma ya wazee, alisema bila hasira, "Mimi nilidhani unanipa pole ya kazi."

Jini ikamiminwa chini kwa ajili ya wahenga. Kondoo akapelekwa uani.

Nje, Bediatuo alimsubiri kando ya pikipiki yake. Hakuwa anacheka.

"Mkubwa, nahakikisha kabla sijaandika. Ulisema 'sikuuliza'?"

Nsarko angeweza kujibu kwamba yanayosemwa mbele ya Nana si ya kuandikwa. Jibu hilo lilimfika mdomoni.

"Nilisema," alijibu.

"Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Macho Wazi iliandika hivyo hivyo, bila kuongeza kitu. Ijumaa Mnara lilichapa tena picha ya Nana, safari hii bila fremu, na bila neno la radhi. Siku hiyo hiyo kamati ya kadi ilikutana. Nsarko aliweka mezani kadi ya Bediatuo, imeshatiwa sahihi ya mwenyekiti.