Faili Lililolazwa Wodi Namba Nne

Tarehe mosi ya kila mwezi, kabla ya kutia mafuta cherehani, fundi alijipima kama anavyompima mteja yeyote. Alianza na kiganja, akaenda kwenye taya, akamalizia na unyayo, kisha akaandika kwa penseli katika daftari la wateja, kwenye kurasa alizojitengea. Ndani ya miaka mitatu kiatu chake kilitoka namba thelathini na nane hadi arobaini na mbili. Pete ya ndoa ilikatwa na sonara kwa msumeno mdogo. Meno ya mbele yaliachana polepole, kama majirani waliokosana bila kugombana. Yote hayo aliyavumilia. Lakini sasa pindo la kitambaa hakuliona, si la kulia wala la kushoto, mpaka ageuze shingo, na fundi asiyeona pindo hana kazi.

Mpima macho wa mtaani alimwambia ukweli mara moja.

"Macho yako ni mazima, mama. Tatizo nahisi liko nyuma yake, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Inamwaga homoni kupita kiasi, tena imevimba, inaminya mishipa ya macho. Nenda hospitali kubwa wakupime damu na wakupige picha ya kichwa. Usikawie. Upande ukishazimika kabisa, hauwaki tena."

Alisindikizwa na wifi yake, ambaye hakuwahi kumwacha apumue.

"Wifi, hivyo viatu ni vyako au umemvua kaka yangu?"

"Kaka yako viatu vyangu vinampwaya siku hizi," fundi alijibu, kwa sauti iliyokuwa nzito kuliko ya kaka huyo.

Katika hospitali ile faili huingia kwa daktari kwanza. Mgonjwa hukaa kwenye benchi. Faili likitoka, karani humsomea mgonjwa kilichoandikwa, naye hurudi nyumbani. Utaratibu huo uliokoa muda mwingi na hakuna aliyekumbuka ulikuwa muda wa nani. Daktari wa kwanza aliandika: mawazo. Wa pili aliandika: umri. Wa tatu: unene. Wa nne, kwa kuwaheshimu wenzake, aliandika: mawazo yatokanayo na umri na unene. Kuhusu picha ya kichwa, mashine ilikuwa mbovu.

Fundi alichana kurasa tatu za vipimo vyake kutoka kwenye daftari, akamwomba karani azibane ndani ya faili.

"Wakiona namba wataelewa," alisema.

Karani alizibana. Hakuna daktari aliyezigusa.

Mwezi wa tano karani aligundua kwamba faili halienei tena kwenye nafasi yake ya rafu. Hakuna karatasi mpya iliyokuwa imeongezwa. Alilipima kwa vidole: unene wa vidole vinne ulikuwa umefika sita. Wiki iliyofuata lilianza kutoka jasho, na mafaili ya jirani yakalowa. Alasiri lilikoroma kwa sauti nzito, jambo ambalo karani hakulipenda, kwa kuwa ule ulikuwa muda wake. Aliandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa masjala, naye mkuu akaipeleka kwa daktari wa zamu.

Daktari wa zamu aliliweka faili mezani, akalibonyeza jalada kwa kidole. Shimo la kidole lilibaki. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alitazama kitu kwa zaidi ya dakika moja.

"Hili linaumwa," alisema. "Mmelichelewesha."

Faili likalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Muuguzi alivuta wino kidogo kutoka ukurasa wa kwanza akaupeleka maabara, na jioni ileile majibu yakarudi: homoni ya ukuaji ilikuwa mara tisa ya kawaida. Picha ya kichwa nayo ilipigwa. Kilichoharibika kwenye mashine kilikuwa kitanda tu, na faili lilitosha kwenye kiti.

Fundi aliitwa. Alifurahi, akavaa gauni lake jema, akakuta kiti cha plastiki kando ya kitanda.

Daktari bingwa, ambaye huja mara moja kila miezi mitatu, alifika na wanafunzi kumi na mmoja.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?" alimuuliza fundi.

"Ndiye mimi."

Muuguzi aliandika: ndugu wa karibu.

Bingwa alihitaji robo saa tu. Aliwaambia wanafunzi kwamba ugonjwa huu humpata mtu mmoja katika maelfu, na kwamba wanaweza kumaliza kazi yao yote wasiuone tena. "Jasho. Kukoroma. Kutanuka. Mtu yeyote mwenye macho angeutambua siku ya kwanza." Kisha akamwomba fundi alinyanyue faili ili wote walione. "Una mikono mikubwa, bahati nzuri," alimwambia. Wanafunzi kumi na mmoja waliandika jasho, kukoroma, kutanuka.

"Na macho, daktari?" fundi aliuliza. "Mimi pembeni sioni."

"Mgonjwa huyu hana tatizo la macho," alisema bingwa kwa upole, kama anavyowajibu ndugu wa wagonjwa.

Upasuaji ulifanyika Alhamisi. Uvimbe ulipatikana kati ya ukurasa wa saba na wa nane: karatasi tatu za daftari, zisizo na mhuri, zilizojaa namba za penseli. Zilikatwa zote, zikapelekwa kuchomwa kama kanuni inavyotaka. Kufikia Jumamosi faili lilikuwa limenywea hadi vidole vinne na lilikuwa limeacha kukoroma. Likaruhusiwa.

Wifi ndiye aliyekwenda kwenye dirisha la masjala, akamshika fundi mkono.

"Haya, sasa ni zamu ya wifi yangu."

Karani alifunua faili. "Huyu amepona. Imeandikwa hapa."

"Mfungulie jingine."

"Mtu hawezi kuwa na mafaili mawili, shangazi. Na bila faili hawezi kuumwa. Labda hili liugue tena."

"Hivi baba, mgonjwa wenu ni mtu au karatasi?"

"Mtu," karani alisema. "Ndiyo maana tumeandika jina lake juu."

Wifi alilivuta faili, akalisoma jina lile, akalisukuma lirudi.

Karani alieleza kwamba faili lingerudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na kwamba ndugu wa karibu anatakiwa kuwepo asubuhi na mapema kulishikilia. Akasogeza fomu ya kukubali. Fundi aliinama juu yake, akageuza shingo huku, akageuza kule. Kingo za karatasi hazikuwepo tena. Wifi akamwelekeza kidole, naye fundi akaweka sahihi.

Karani aliitazama. Nusu ilikuwa kwenye fomu na nusu kwenye meza. Akaridhika na ile ya kwenye fomu, akagonga mhuri, akaita anayefuata.