Mguu Pande

Mimi ni fundi cherehani. Jeshini sijawahi kukanyaga, ila amri zote nazijua, maana baba mkwe wangu bila amri haendi hata kuoga. Kila mwaka yeye na wenzake waliopigana vita pamoja nawapakia kwenye gari la shemeji yangu la kubebea magodoro, nawapeleka kwenye mnara wa mashujaa wakawasalimie wenzao ambao hawakurudi. Ukiwaambia, "Wazee wangu, shukeni taratibu," wanakutazama tu. Ukisema, "Kikosi, shuka," wanashuka wote na magongo yao.

Mwaka huu serikali ikaamua kututunuku vyeti sisi tunaowasindikiza. Mratibu wa sherehe, bwana mmoja anayenukia marashi kuliko duka zima, akaniketisha mbele.

"Mama, leo wewe ni mgeni wa heshima," akaninong'oneza. "Zile kelele zako za kila mwaka tusizisikie. Ukiharibu, cheti hupati."

Nikakubali. Nilikitaka kile cheti, nidanganye ili iweje? Nyumbani nilishakipigia msumari ukutani.

Wimbo wa taifa ukapigwa, tukasimama. Ukaisha, tukaketi. Wazee hawakuketi. Mgeni rasmi akaanza hotuba, nao wamekakamaa, vifua mbele, jua la utosi. Watu wakawapigia makofi kwa heshima ile. Heshima gani? Walikuwa wanasubiri amri, na mtoa amri kafungwa mdomo.

Goti bovu la baba mkwe likaanza kutetemeka. Mume wangu alishaapa: mzee akianguka mara moja tu, safari za mnarani basi. Na yule mzee mwaka mzima anaishi kwa ajili ya siku hii. Jina la rafiki yake liko pale, mstari wa chini kabisa, naye huinama akalifuta vumbi kwa leso yake.

Nikampungia mkono aketi. Akazidi kukakamaa. Nikamtazama mratibu, akaweka kidole mdomoni. Mgeni rasmi akafunua ukurasa mwingine.

Uchungu ukanipanda. Cheti na kiende zake. Nikasimama.

"Kikosi! Mguu pande! Keti!"

Wazee wakaketi kwa kishindo kimoja. Na kule jukwaani mgeni rasmi, kumbe naye aliwahi kuvaa magwanda ujanani, akatanua mguu, akarudisha mikono nyuma, akaketi na hotuba yake. Alipojishtukia akacheka mpaka miwani ikamdondoka, na hotuba ikaishia hapo.

Majina yaliposomwa, mratibu aliniruka. Ule msumari sasa natundikia futi ya kupimia.

Nikamfuata mzee, nikamshika mkono mpaka mnarani. Tangu niolewe ananiita "wewe binti" tu.

"Umechelewa sana kutoa amri, afande," akasema, akanikabidhi leso. "Goti limegoma. Niinamie wewe."

Nikainama, nikaanza kufuta, machozi yananitoka.

"Taratibu, afande," akasema nyuma yangu. "Huyo hakupenda kusuguliwa uso."